Nilivyowapanga warefu wangu wawili wacheze pamoja

Msimu uliopita nilikuwa na kitu ambacho makocha wengi wa kikapu hapa Dar es Salaam wanakitafuta hawakipati: warefu wawili wa kweli, mmoja wa sentimita 203 na mwingine 206. Mechi tatu za mwanzo tukafungwa zote. Tukishambulia, wote wawili walikwenda kusimama chini ya goli, na wakabaji wao wakajazana hapo hapo. Magadi wangu, wale wanaoongoza mpira, wakakosa pa kupenya, na filimbi ya sekunde tatu, ya mshambuliaji kukaa chini ya goli kupita muda huo, haikuisha.

Kosa lilikuwa langu, kwa hiyo nikarudi kwenye mechi za 1999 za San Antonio Spurs, timu ya ligi ya NBA ya Marekani. David Robinson alikuwa nyota wa timu ile tangu 1989, na Tim Duncan akamkuta 1997. Msimu wa 1997/98 Robinson alifunga wastani wa pointi 21.6, uliofuata, 15.8. Niliacha kufuata mpira nikawa namtazama yeye tu. Duncan akijipanga chini, Robinson anapanda kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, na mkabaji wake hana budi kumfuata. Njia imefunguka. Mwaka ule waliwafunga New York Knicks michezo 4 kwa 1 wakabeba ubingwa wao wa kwanza.

Sasa nani apande? Wengi wangempandisha yule kijana. Mimi nilimchagua yule mkubwa kwa umri, kwa sababu ndiye anayejua kutoa pasi. Nikamwita pembeni.

"Kaka, naomba wewe ukae juu."

Akanyamaza, akaudundisha mpira mara mbili. "Na ribaundi zangu, mipira ninayodaka ikikosa goli, kocha?"

Lilikuwa swali la haki. Nikamwambia tukishambulia zitapungua kweli, ila tukikaba zote ni zake.

Nikabandika solotepu nyekundu sehemu mbili sakafuni, moja juu, moja chini. Kanuni ilikuwa moja: mmoja akishuka, mwenzake anapanda. Wiki mbili nzima pasi zilinaswa, kwani mkubwa alizitoa kifuani. Nikamtaka aushike mpira juu ya paji la uso, aushushe upande wa mkono ambao kijana ameunyoosha, mbali na mkabaji. Mpira ukaanza kufika.

Kwenye ukabaji kazi ilikuwa nyepesi: mmoja anatoka kumkabili anayepenya, mwingine anabaki nyuma. Tatizo lilikuwa timu fupi zenye mbio. Hapo sikung'ang'ania, wapinzani wakiweka wadunguaji watano wa pointi tatu, mrefu mmoja anakaa benchi, na niliwaambia wote wawili mapema ili asinune mtu.

Mechi ya nne tulishinda. Mkubwa alifunga pointi 6 tu, akatoa pasi 7 za mabao. Siku hizi anabaki uwanjani baada ya mazoezi akimfundisha kijana naye kupanda juu.