Goti la moto halisubiri Jumatatu: ninavyoamua rufaa za mifupa

Nilipoanza kazi zahanati, chini ya Mlima Meru upande wa Maji ya Chai, nilipewa ushauri wa aina mbili kuhusu mifupa, na wote unanikera hadi leo. Wa kwanza ulitoka kwa mtu aliyenitangulia sana kazini: "Mifupa haina dharura. Kama damu haimwagiki, mpe diklofenaki, mwambie arudi wiki ijayo." Wa pili niliusikia kwenye semina: ukiona mfupa, andika rufaa, usijitafutie lawama. Ukifuata wa kwanza utalemaza watoto. Ukifuata wa pili utamtoa bibi wa Kikatiti na kiuno chake cha miaka mingi, auze kuku apate nauli, akae foleni kutwa nzima, arudi na diklofenaki ileile. Halafu siku utakayomwambia kwa dhati aende, hatakwenda.

Mimi ni tabibu, si bingwa wa mifupa, na zahanati yetu haina eksirei. Kilichonisaidia ni kuacha kung'ang'ania jina la ugonjwa. Najiuliza swali moja: nikimwacha huyu hadi kesho, ni kitu gani kitaharibika kisirudi tena? Wako ambao hasara yao inahesabiwa kwa saa. Wengine kwa siku, wengine kwa wiki. Na wako wengi tu ambao wanaweza kukaa mikononi mwangu miezi bila kupoteza chochote.

Wa saa siwacheleweshi. Barabara ya Arusha–Moshi inatuletea majeruhi wa bodaboda kila mara, na mfupa ukishatoboa ngozi, hata kidonda kiwe kidogo namna gani, mgonjwa anaondoka. Sindano ya antibayotiki mapema iwezekanavyo, ndani ya saa ya kwanza kama amefika mapema, kinga ya pepopunda, maji ya dripu kusafishia, shashi safi, banzi, gari.

Anayenitia hofu zaidi ni yule aliyefungwa POP, ile plasta ngumu, jana na leo amerudi analia kwa maumivu yasiyosikia dawa. Hapo sisubiri vidole vipoe wala vife ganzi, maana uvimbe uliobanwa ndani unazuia damu, na vikifika huko msuli umeshaanza kufa, na saa sita hivi zinatosha kuumaliza. Namnyooshea vidole taratibu. Akipiga kelele kwa kunyooshwa kidogo tu, nachana POP yote kutoka juu hadi chini, pamoja na pamba yake mpaka nione ngozi, nauweka mguu usawa wa moyo bila kuuning'iniza, kisha napiga simu. Nimekwisha kuzungumza na mzee anayeunga mifupa kijijini kwetu kuhusu jambo hili hili. Sikwenda kumgombeza. Nilimpa shikamoo, tukakaa, nikamweleza vidole vinavyovimba chini ya mabanzi vinamaanisha nini. Sasa ananiletea watu yeye mwenyewe, na baadhi ya mikono iliyopona hapa kijijini imepona kwa sababu yake.

Watoto wanaoanguka kwenye miparachichi nao wana mtihani wao. Kiwiko kikivunjika, neva na mshipa wa damu vinapita pale pale. Namwomba mtoto anifanyie mambo matatu kama mchezo: anyanyue dole gumba aseme "poa", aunde duara kwa dole gumba na kidole cha shahada, kisha atawanye vidole vyote. Asipoweza mojawapo, naliandika kwenye barua, na narudia kumpima baada ya kufunga banzi. Mapigo ya kifundo cha mkono na rangi ya kucha naandika pia. Daktari anayempokea anahitaji kujua mkono ulikuwaje kabla haujafika kwake.

Sasa goti. Aliletwa mtoto wa umri wa kuanza shule, Ijumaa, saa sita mchana. Mama akasema ameanguka. Kila mtoto ameanguka, kwa hiyo neno hilo halinitulizi. Bibi yake alikuwa ameshamchua kwa mafuta siku mbili. Goti limevimba, la moto, mtoto amelikunja kidogo na hataki mtu alisogelee. Homa juu. Nilimbembeleza asimame, akagoma kabisa kukanyaga. Homa, kiungo kimoja cha moto, hakanyagi: mimi hapo natafuta usaha ndani ya kiungo mpaka mtu anithibitishie kwamba haupo. Usaha unakula gegedu, ule utando mgumu unaofunika ncha za mifupa, ndani ya siku chache, na gegedu halioti tena. Katika nyonga ni hatari zaidi, kwa sababu uvimbe hauonekani, unaona mtoto tu amelala paja limekunjwa na kugeukia nje na analia ukimbadilisha nguo. Na kama mtoto ana sikoseli, msikubali kirahisi kwamba maumivu ya mfupa mmoja yenye homa isiyoshuka ni "kawaida yake".

Nikapiga simu hospitali moja. Nikajibiwa, "Goti limevimba? Mlete Jumatatu, kliniki ya mifupa." Hapo nilikasirika, lakini hasira haimsafirishi mgonjwa. Nikakata, nikapanga maneno, nikapiga tena na kuomba daktari wa zamu mwenyewe. Safari hii sikusema goti limevimba. Nilisema: "Nashuku usaha ndani ya kiungo. Homa ni thelathini na tisa, hakanyagi. Hajala wala kunywa kitu tangu saa sita, anaweza kuingia chumba cha upasuaji akifika. Nianze antibayotiki au mnataka kuvuta maji ya goti kwanza?" Mambo yakabadilika papo hapo. Aliniambia nisianze, mradi mtoto anafika ndani ya muda mfupi na hali yake si ya kuzidiwa, na alikuwa anamsubiri. Jioni ile ile goti lilifunguliwa, likatoka usaha. Leo mtoto anacheza mpira. Nawasihi wenzangu: ukishaamua rufaa ya namna hii, mwambie mama asimpe mtoto chai wala andazi njiani. Chai moja ya stendi inaweza kusogeza upasuaji hadi usiku wa manane au kesho yake.

Usafiri ulikuwa gari la jirani, tukachangishana mafuta, elfu ishirini au thelathini hivi. Gari la kupiga 115 ni la wajawazito na watoto wachanga, wa mifupa hawamo.

Matege ni habari nyingine, na huku kwetu yana uzito wake. Maji ya miteremko hii yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku, hasa kule Ngarenanyuki, vinapita hapo mbali. Meno ya kahawia kila mtu anayajua, lakini floraidi inaingia hadi kwenye mifupa, watoto wanapinda miguu na wazee wanakakamaa migongo. Magadi ya kuivishia maharage yanaongeza floraidi juu ya ile ya maji. Basi akina mama wanaogopa, na wana haki. Mmoja ananiletea mtoto wa mwaka mmoja na nusu anataka rufaa leo leo, wakati matege ya umri huo, ya miguu yote miwili sawasawa, kwa kawaida ni ukuaji tu: hunyooka karibu na miaka miwili, magoti yakaingiana kidogo kwenye miaka mitatu au minne, yakakaa sawa kufikia saba. Mwingine ana mtoto ambaye mguu unazidi kupinda na anasema "ataacha akikua".

Nilijaribu kupima kwa vidole, nafasi kati ya magoti. Haikufaa, leo vidole vitatu, mwezi ujao anapima muuguzi mwenye vidole vyembamba. Nikajaribu picha za simu. Simu zinaibiwa, picha zinapigwa pembeni. Ndipo nikapata njia ya karatasi, na hii sichoki kuisimulia. Nachukua karatasi kubwa ya kaki, nikikosa naomba mfuko safi wa unga na kuupasua. Namlaza mtoto chali juu yake, vifundo vya miguu vigusane, vifuniko vya magoti vitazame dari, maana mguu ukizunguka kidogo tu mchoro unadanganya. Nashika kalamu wima na kuchora ndani na nje ya kila mguu. Tarehe, umri, basi. Kisha naikunja karatasi katikati na kuiinua dirishani. Miguu miwili ikilaliana, nampa mama karatasi aitunze pamoja na kadi ya kliniki, nampa maelekezo ya maji ya mvua na kuacha magadi, na tunachora tena baada ya miezi mitatu au minne. Mguu mmoja ukiukataa mwenzake, huyo anakwenda. Vilevile anayezidi kupinda baada ya miaka miwili, au aliye mfupi kupita wenzake.

Kuna mama alikuwa na hakika miguu yote miwili ya binti yake imepinda sawa. Tulipokunja karatasi, mguu wa kushoto ulichomoka nje chini kidogo ya goti, mwingine karibu umenyooka. Hakuna maneno niliyohitaji kusema. Aliikunja mwenyewe mara ya pili, akaipeleka kwa mumewe, na baba yule aliyekuwa hasikii habari za hospitali akatoa nauli ya kwenda KCMC, Moshi, bila ubishi. Daktari wa huko naye aliitaka ile karatasi, akaiambatanisha kwenye faili.

Mguu kifundo, yaani mtoto kuzaliwa na wayo uliogeukia ndani, siweki kwenye kundi hili. Huyo naandika rufaa tangu wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa, kwa sababu plasta za njia ya Ponseti zinabadilishwa kila wiki na mguu mchanga ndio unaotii. Anayemwambia mama asubiri mtoto atembee kwanza anamharibia mtoto.

Viuno ndivyo vinavyojaza benchi. Vingi vinatulia ndani ya wiki sita kwa dawa ya maumivu na kuendelea na kazi nyepesi, na kulala kitandani kunazidisha. Nambakiza kwangu, lakini baada ya maswali. Anatoka jasho usiku, amekonda, ana kibyongo kinachochomoza? TB ya uti wa mgongo. Anakunywa maziwa mabichi na ana homa za vipindi? Nafikiria bruselosi. Kijana ana uvimbe karibu na goti unaomuuma usiku? Eksirei wiki hii hii, na hakuna kuchua. Swali gumu ni la mkojo, maana neva za kiunoni zikibanwa ndizo zinazouharibu. Mzee mmoja alikuja na mjukuu wake wa kike, akasema kiuno tu. Nilimwomba binti atoke, nikamwita muuguzi wa kiume. "Babu, samahani, nauliza kwa heshima. Mkojo unatoka vizuri? Na ukijisafisha chooni, unajisikia?" Akanyamaza, kisha akasema tangu jana unadondoka tu, na sehemu ya kukalia imekufa ganzi. Asingelisema hilo mbele ya mjukuu hata siku moja. Tulimwekea mpira wa mkojo na akaondoka saa ile ile.

Barua peke yake haimfikishi mtu. Zamani niliandika barua nzuri, zenye kila kitu, nikagundua wagonjwa wanapitia nyumbani kwanza kufanya kikao, na kikao kinakwisha kwa mkandaji. Siku hizi nauliza: "Nani anashika pesa katika jambo hili?" Mara nyingi ni baba mkubwa aliyeko mjini. Tunampigia pale pale, simu kwa sauti, namweleza mimi. Nauliza kama kaya ina bima ya afya. Wasiokuwa nayo nawatajia makadirio ya eksirei na kitanda, kwa juu kidogo, wasije wakaishiwa na kurudi njiani.

Na kama una mashaka siku ya Ijumaa, amua kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo mtu wa eksirei ameondoka, simu za kliniki hazipokelewi, na mgonjwa wako atalala wodini hadi Jumatatu na goti lake.