Yang'ara kushinda siku ilozaliwa

Maneno manne, na leo ni usiku wa tatu hayaniachi. "Yang'ara kushinda siku ilozaliwa." Ami aliyasema Ijumaa baada ya swala, amesimama mlangoni mwa karakana na kanzu yake, mkanda wa alumini, ule wa urembo wa ubavuni mwa gari, mikononi. Kisha akauliza kama kahawa ipo.

Kahawa ilikuwepo. Akanywa vikombe viwili na kashata, akaulizia watoto, akaenda zake. Mimi nikabaki na yale maneno.

Nielezeni nyinyi: hiyo ni sifa? Mama Watoto anasema ni sifa, tena kubwa, kwa mtu ambaye miaka yote aliyonifundisha kazi neno lake zuri kuliko yote lilikuwa "haya". Kijana wangu wa kazi, aliyekuwepo na kusikia, alicheka chini chini halafu akajifanya anakohoa. Nikamuuliza anacheka nini. "Nakohoa, fundi."

Mkanda wenyewe ni wa lile Volkswagen Beetle la 1965 la Mzee wa Kizingo, ambalo najua mmeshachoka kulisoma hapa. (Hapana, hajanilipa ile nusu ya pili. Na ndiyo, kila akija bado ananikumbusha kuwa Beetle lilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1962, kabla ya hizo Peugeot 404 zenu, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa naziendesha.) Vipande ni 7: kimoja cha boneti na vitatu kila ubavu. Yeye anaviita nikeli. Nimemwambia mara ngapi sijui kwamba hapa hakuna nikeli. Kiwandani alumini yenyewe ilizamishwa kwenye asidi ya salfa, ikapitishwa umeme, ikaota ngozi yake yenyewe, nyembamba kuliko unywele na ngumu ajabu. Ngozi hiyo ndiyo iliyoikinga mikanda na chumvi ya bahari miaka yote hii, na ndiyo inayowatesa wanaokuja na Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, na kitambaa. Wanasugua mpaka bega linakufa ganzi na doa liko pale pale, kwa kuwa chumvi imeshapenya chini ya ngozi na wao wanasugua juu.

Kwa hiyo ngozi inachunwa kwanza. Dawa yake ni kostiki soda, ile ile ya wapika sabuni. Mimi natumia bomba la plastiki la maji machafu nililoziba upande mmoja, mkanda unaingia mzima umesimama. Povu linapanda, na hewa inayotoka inashika moto, basi mwenye sigara namfukuza mpaka barabarani. Ukiutoa mkanda ni mweusi kama umetoka jikoni. Unaufuta, unausuuza, unautazama, ukihitaji unaurudisha kidogo. Kidogo! Soda ikimaliza ngozi haisimami kukuuliza, inaendelea na nyama. Mnaokumbuka habari ya sufuria ya Mama Watoto mnajua nilivyojifunza hilo, na mnajua ni nani aliyenunua sufuria mpya.

Jumatano, mkanda wa mlango wa kulia ukiwa ndani ya bomba, simu ililia: Dada amejifungua mapacha, mume na mke, wote wazima alhamdulillahi, na mimi niliporudi kwenye bomba nilikuwa nimechelewa.

Haukutoboka. Lakini uso ulikuwa umechakaa, vishimo vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa. Kwa kawaida naanza na msasa wa 400, wa maji, halafu 600, 800, 1000, mpaka 2000, kisha gurudumu la pamba. Huu nilianza na 180, wenye chembe kubwa kuliko hizo zote. Alhamisi nzima nimeinama juu yake, vidole vyeusi mpaka leo kwenye kucha. Ijumaa asubuhi ukatoka kama kioo. Nilijiona ndani yake, nikachana ndevu. Ndiyo maana Ami alipotokea sikungoja aulize, nilimwekea mikononi mwenyewe. Huo huo, katika yote 7.

Tangu hapo nimeyarudia maneno yale kwa kila sauti. Yang'ARA kushinda siku ilozaliwa: mshangao. Yang'ara KUSHINDA siku ilozaliwa: mzee anamsema mtoto aliyezidisha manukato. Nimeyajaribu mbele ya kioo cha bafuni, Mama Watoto akanikuta, akafunga mlango bila kusema kitu.

Nimekumbuka mpaka hila ya sabuni, nikawa najitetea nayo kama mtu aliyeko mahakamani. Kile kipande cha boneti kilikuwa na bonde, na Jumatatu nilikinyoosha vile vile alivyonifundisha: unapaka sabuni ya kufulia kwa nyuma, unapitisha moto wa gesi taratibu, sabuni ikigeuka rangi ya kahawa iliyoungua unaondoa moto, alumini imeshalainika. Chuma kinakuonya, kinakuwa chekundu. Alumini inakaa nyeupe vile vile, na wewe unazidi kungoja, mara imelala sakafuni. Sabuni ndiyo macho yako. Kazi safi ile, hata alama ya nyundo huioni. Kwa nini sikumpa kile?

Jana usiku, nimelala naisikiliza feni, nikakumbuka jambo jingine. Ami hakuutazama mkanda.

Alikuwa anatazama barabarani, kule kwenye kelele za tuktuk. Na hata angetazama, ana mtoto wa jicho, hospitali anaikataa, Mama Watoto humtambua akishasema. Mtu asiyeona mng'ao aliniambia yang'ara. Aliupitisha tu kidole gumba ukingoni, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kidole kikasimama. Mara mbili kilisimama.

Nikaamka. Saa saba za usiku, kikoi kiunoni, nikafungua karakana na sikuwasha taa. Nikachukua wa kushoto na wa kulia, nikafumba macho ingawa giza lilitosha, nikapitisha kidole. Wa kushoto una ukingo wake wote, mstari mkali unaokwenda bila kukatika, kidole kinaufuata chenyewe. Wa kulia umeviringika kama kipande cha sabuni kilichopita mikono ya nyumba nzima. Ule msasa wa 180. Nilifukuza vishimo mpaka nikala kona. Mjini mzima hakuna atakayeona. Mzee wa Kizingo hataona, atajichana ndevu tu kama mimi.

Nilidhani nitaona aibu. Badala yake nikaanza kucheka, peke yangu, gizani, na kikoi, mbwa wa jirani akaniunga mkono. Nimehangaika siku mbili kama ni sifa au tusi, kumbe alikuwa ananipimia, kama zamani, nikiwa kijana wa kufagia, alipokuwa ananirudishia kazi bila kuniambia kasoro iko wapi. Kidole kile kipo bado! Macho yameanza kuondoka na kidole kimebaki pale pale.

Leo asubuhi nikambebea yote miwili. Nilimkuta barazani.

"Ami, Ijumaa uliniambia yang'ara kushinda siku ilozaliwa."

"Nlisema hayo?"

"Ulisema."

Akafikiri kwa muda. "Basi nlikuwa na njaa."

Nikamwekea mikanda magotini. Akaipapasa mmoja mmoja huku anazungumza na muuza samaki, akanirudishia wa kushoto mkononi, wa kulia akauegemeza ukutani, na wakaendelea na bei ya changu.

Alumini iliyokwenda imekwenda, kona hairudi. Naweza kutafuta mkanda mwingine, na senti ya nani sijui. Naweza pia kuulainisha wa kushoto ufanane na mwenzake, saa moja tu ya kazi, na nimeshajishika mara mbili nimeukamata msasa. Halafu kuna suala la chumvi, maana yote sasa haina ngozi, na nta peke yake pale Kizingo nyumba ya pili kutoka baharini… tutaona. Sijaamua.

Lakini hayo yatangoja, kwani Dada ameniletea ujumbe saa hii, neno moja: "Mbuzi." Siku ya saba ni keshokutwa Jumanne. Shemeji yuko melini, hatateremka mpaka mwezi ujao, na akika, ile sadaka ya mbuzi ya mtoto mchanga, haingoji meli. Mtoto mume mbuzi wawili, mtoto mke mmoja, jumla watatu, na mjomba ndiye mimi. Kupatikana watapatikana. Ninachowaza ni usiku wa kuamkia Jumanne: kwa Dada ni ghorofani, kwangu hakuna ua, pa kuwafunga ni karakana tu, na karakana ina bomba la soda limesimama wima kwenye kona na mbuzi hakuna kitu asichokilamba.