Nilivyowafikia waandishi ninaowapenda nikiwa Arua

Kifo cha Ken Walibora, mwandishi wa riwaya wa Kenya, Aprili 2020, ndicho kilichonisukuma. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, na mimi mwalimu wa Kiswahili sikuwa na wa kumfundisha. Habari ilipoingia kwenye simu, maswali niliyotamani kumuuliza tangu nilipoanza kumsoma yakanijaa kichwani, na mwenye majibu ameshaondoka. Nikaazimia kuwatafuta walio hai, niwashukuru na kuwauliza wakiwa bado wanaweza kunijibu.

Kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Kiswahili kipo sokoni, kipo stendi, kipo midomoni mwa wazee waliopita jeshini. Kitabu cha Kiswahili ndicho adimu, na mwandishi wa Unguja au Mombasa huna pa kukutana naye isipokuwa mtandaoni. Na mtandao wenyewe Uganda una gharama yake. Wakati ule tulilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili kutumia WhatsApp au Facebook. Januari 2021, kuelekea uchaguzi, Facebook ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti ilirudi, Facebook haikurudi; tumezoea kuiingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Kodi ya kila siku iliondolewa Julai 2021, ikaja ya asilimia 12 kwenye bando. Nayataja haya kwa sababu waandishi wengi wa Kiswahili wa Tanzania na Kenya baraza lao ni Facebook. Huko ndiko wanakoweka mashairi mapya na kubishana kuhusu vina na mizani hadi usiku wa manane. Asiyefika huko hukosa mengi.

Majina niliyapata kwenye orodha za washindi wa Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Orodha hizo zina waandishi wapya ambao maduka yetu hayajawasikia. Kabla ya kumwandikia yeyote nilihakikisha akaunti ni yake, maana akaunti bandia ni nyingi na nyingine huomba pesa. Niliangalia kama mchapishaji wake anamtaja kwa akaunti hiyo hiyo, na kama picha za uzinduzi zinalingana. Kisha nilisoma machapisho yake ya nyuma, kimya kimya, mpaka nikajua anapenda kuzungumzia nini na anakasirishwa na nini.

Mwandishi maarufu hupokea "mambo vipi" za kila namna kwenye inboksi. Mimi nilingoja mwandishi mmoja wa Zanzibar, mtu mzima, aitaje riwaya yake hadharani, nikaandika chini yake:

"Shikamoo Mwalimu. Nakuandikia kutoka Arua, Uganda. Katika sura ya nne mama anamfungia bintiye sanduku la safari, anatia kila kitu isipokuwa kanga aliyomnunulia mwenyewe. Kanga ile haitajwi tena mpaka kitabu kinakwisha. Mama aliibakiza kwa makusudi?"

Jibu lilikuja jioni. "Marahaba mwanangu. Kitabu kimefikaje Arua? Hiyo kanga nasubiri mtu aniulize tangu kitabu kitoke." Tukahamia WhatsApp, akanitumia ujumbe wa sauti mrefu, kuku wanalia nyuma yake. Akaeleza kwamba katika mswada wa kwanza binti anarudi na kukuta kanga ile imembeba mtoto wa jirani, lakini sura hiyo ilikatwa kwa kuwa kitabu kilikuwa kinarefuka mno. Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi. Hakuna mwongozo wa mitihani ungenipa jambo hilo.

Shule zilipofunguliwa nilimwomba aingie kwenye kundi letu la wasomaji, walimu na wanafunzi wachache wakubwa wanaotumia simu za wazazi. Mazungumzo ya video hatukuyajaribu kwa sababu mtandao wetu haubebi. Tunatuma maswali mapema, naye hujibu kwa sauti baada ya isha, kwa wakati wake. Utaratibu huu naupendekeza kwa yeyote aliye mbali na mji mkuu: bando linatosha, na mwandishi hajisikii kuburutwa.

Jioni moja msichana wa kidato cha pili aliuliza, "Babu, mbona Mganda katika hadithi nyingi za huko kwenu ni askari tu?" Kundi zima likanyamaza. Sisi ni watu wa West Nile, ndiko kwao Idi Amin, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kati ya Uganda na Tanzania, kila ukoo hapa unavijua. Majeshi ya Tanzania yalipoingia, watu wetu wengi walikimbilia Zaire na Sudan, wakazaa watoto huko. Mwandishi alikaa muda kabla ya kujibu. Akasema alikua akisikia habari za Kagera redioni, na za waliovuka mpaka kukimbia hakuzisikia hata siku moja. "Nyanya yako yupo? Ningependa kumsikia, akiridhia."

Nyanya aliridhia. Tukamrekodi akisimulia safari yake ya kwenda Zaire na ndoo ya mihogo kichwani, nasi tukampelekea mwandishi. Tangu hapo ni yeye anayetuandikia kwanza. Huuliza nyumba za kule zilivyoezekwa, watu walikula nini njiani, watoto waliimba nini. Naamini kabisa kwamba msomaji naye ana cha kumpa mwandishi, hasa sisi ambao hadithi zetu hazijaandikwa kwa Kiswahili.

Vitabu tunanunua kwa kuchanga. Pesa tunatuma kwa simu, vitabu vinapanda basi Dar es Salaam, vinavuka mpaka wa Mutukula, na Kampala kuna ndugu anayevipandisha basi la Arua. Ni ghali kuliko PDF ya wizi, lakini PDF hizo kundini hatuzipokei. Huwezi kumwita mtu Mwalimu huku unamnyima jasho lake.

Wapo wasiojibu, na wapo wasiotumia mitandao kabisa. Kwa hao naandika kwa mchapishaji. Anwani huwa kwenye kurasa za mwanzo za kitabu. Kikiwa cha tafsiri, mfasiri naye ni mlango. Riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. Hiyo ndiyo tunayochangia sasa, na kila mwanafunzi ameambiwa aje na swali lake moja, lenye namba ya ukurasa.