Dicronorhina au Dicranorrhina?

Mbawakawa ninayemzungumzia ni wa kijani anayeng'aa, mabawa yamezungushiwa mistari myeupe, na dume ana pembe kichwani iliyochanua kwa mbele kama herufi T. Vitabu vingine vinamwita Dicronorhina derbyana, vingine Dicranorrhina derbyana. Kwa sisi tunaofundisha uainishaji wa viumbe hapa Dodoma, hilo si jambo dogo. Mwanafunzi akikosea tahajia ya jenasi, yaani jina la kwanza linalotaja kundi la spishi zenye undugu wa karibu, anakatwa alama. Sasa mwalimu asahihishe kwa kufuata ipi?

Mwalimu mwenzangu, kijana bado, alishika upande wa Dicranorrhina. "Shikamoo mzee, lakini hili silikubali," aliniambia. "Kigiriki chenyewe ni dikranos, yenye a. Kwa nini tuendelee kuandika kosa?"

Marahaba, nikamjibu, na Kigiriki chako hakina kasoro. Ila jina la mnyama halipimwi kwa ufasaha wa Kigiriki. Jenasi hiyo ilipewa jina mwaka 1837 na Frederick William Hope, mchungaji wa Kianglikana wa Uingereza ambaye mkusanyo wake wa wadudu uko Oxford hadi leo. Yeye aliandika Dicronorhina. Waliokuja baadaye ndio waliomnyoosha. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, toleo la nne linalotumika tangu Januari 1, 2000, zinasema wazi kwenye kifungu cha 32: kukosea kugeuza neno la Kigiriki kuwa la Kilatini hakuhesabiwi kuwa kosa la kalamu la kurekebishwa. Tahajia ya kwanza inabaki. Naiona sheria hii kuwa ya busara sana, maana bila hiyo kila msomi angekuja na marekebisho yake, na mdudu mmoja angekuwa na majina kumi.

Ndivyo ilivyo hata kwa lile jitu la mbawakawa, Goliathus goliatus. Wengi huongeza h kwenye jina la pili wakidhani wanasaidia. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeanzisha majina haya ya maneno mawili, mwaka 1771 aliandika goliatus, tena akamweka kwenye jenasi Scarabaeus. Jenasi Goliathus ilikuja na Lamarck, mwanasayansi wa Ufaransa, mwaka 1801. Kwa hiyo tunaandika Goliathus goliatus (Linnaeus, 1771), na mabano hayo si pambo. Yanakwambia kwamba spishi ilihamishwa jenasi, kwamba kuna jina la zamani la kutafuta.

Na kutafuta ndiko kunakonifanya niling'ang'anie jambo hili. Huku kwetu watu wanalima zabibu, na jamaa za mbawakawa hawa wa maua hupenda tunda lililoiva. Huko kusini mwa Afrika, Pachnoda sinuata (Fabricius, 1775) anajulikana kwa kutoboa matunda, zabibu zikiwemo. Mabano yapo tena: Fabricius, mtaalamu wa wadudu wa Denmark, alimwita Cetonia sinuata. Ukitafuta kwa jina moja tu, maandishi yenye lile jingine yanakupita.

Upande wa pili kuna funza wao. Mkulima akifukua biwi la samadi akakuta funza weupe, wanene, wamejikunja, anawaua wote akijua watakula mizizi. Nawaomba wanafunzi wamweke mmoja juu ya ubao mkavu na kusubiri. Funza wa mbawakawa wa maua hujilaza chali, miguu juu, halafu anatambaa kwa mgongo, misuli ikipita mawimbi mpaka anafika ukingoni. Huyo chakula chake ni vitu vilivyooza, na samadi anaisaga ikawa laini. Hana haja ya kuuawa. Hata akikomaa utamjua kwa namna anavyoruka: mabawa magumu ya juu hayafunguki, yale mepesi ya ndani huchomoza ubavuni kwenye upenyo maalumu.

Kwenye sanduku letu la wadudu sasa kila lebo ina jina, aliyelitoa na mwaka. Chini yake, kwa penseli, tunaandika tahajia nyingine inayozunguka vitabuni, ili mtoto atakayeendelea na utafiti apate maandishi yote. Mwenzangu amekubali Dicronorhina kwenye mitihani, na penseli ile ni wazo lake. Waliobaki ni Pachnoda wetu wa njano wa shambani. Hao tumewaandika Pachnoda sp. (yaani spishi haijatambuliwa) na kuishia hapo, maana madoa yao hutofautiana hata ndani ya spishi moja, na jenasi kupata jina sahihi ni afadhali kuliko spishi ya kubuni.