Arlberg ya maboksi, wiki ya 6: handaki nililolisahau

Wiki hii nimekata Alpi kwa kisu cha mkate. Haikuwa kwenye mpango.

Kwa wageni: najenga mfano wa Arlberg, milima ya magharibi mwa Austria, kwa maboksi ya biskuti ninayopewa na Mangi wa duka la jirani (siku hizi nikitokea tu ananiuliza, "Theluji imefika wapi?"). Skeli ni 1:25,000. Boksi lina unene wa milimita 4, kwa hiyo kila tabaka ni mita 100 za mlima. Kuanzia mita 1,200 bondeni hadi kilele cha Valluga, mita 2,811, yamekuwa matabaka 16. Kila moja nililikandamiza kwa tofali usiku kucha, maana gundi ya maji pamoja na unyevu wa Tanga hulikunja boksi kama chapati. Jumapili nikabandika la mwisho, nikalala kama mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi nikakumbuka reli.

Handaki la treni la Arlberg lilifunguliwa 1884. Linatoka St. Anton hadi Langen, kilomita 10.6, yaani kwangu sentimita 42 na kitu. Na linapita chini kabisa, kwenye tabaka la kwanza, lenye mengine 15 juu yake yaliyokwisha kushikana.

Ningeweza kuliacha, nani angejua? Lakini bila handaki huwezi kuelewa kwa nini watu wa huko waliishia kwenye skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni na kuteleza juu ya theluji. Zamani riziki ilipita juu, kwenye njia iliyo mita 1,793 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya pale iliua wasafiri, ndiyo maana mwaka 1386 mchungaji wa mifugo aitwaye Heinrich Findelkind alianzisha nyumba ya kuwahifadhi, pale panapoitwa St. Christoph. Kijiji cha Stuben, upande wa pili, kililishwa na barabara: vitanda, chakula, farasi wa kusaidia kuvuta mizigo mlimani. Treni ilipoanza kupita chini ya mlima, Stuben ikapata yale yanayompata mama lishe barabara kuu inapohamishwa. Na huko umaskini haukuwa mgeni. Watoto wa milima hiyo walikuwa wakivuka kwa miguu kila masika kwenda Ujerumani kusini kuchunga mifugo ya watu, wakirudi vuli.

Skii zenyewe ziliingia kwa aibu. Padri Johann Müller wa Warth aliagiza zake kutoka Skandinavia miaka ya 1890, na inasimuliwa kwamba alijifunza usiku waumini wasije wakamcheka. Hapa nilicheka mwenyewe. Mwaka 1901 klabu ya skii ikaanzishwa St. Christoph. Kisha akaja Hannes Schneider, mzaliwa wa Stuben ileile, 1890, miaka sita baada ya handaki. Mwaka 1907 alikwenda St. Anton kufundisha, na huko akaunda mtindo wa kuchuchumaa huku ukitanua mikia ya skii ili upunguze mwendo na kukata kona, mwanafunzi akijifunza hatua kwa hatua. Wanafunzi walifika kwa nini? Kwa treni. Reli iliyoifilisi Stuben ndiyo iliyomjazia madarasa mtoto wa Stuben. Manazi walimfunga 1938. Mwaka uliofuata akahamia North Conway, Marekani, akafundisha huko.

Basi nikachukua kisu cha mkate, nikapitisha taratibu kati ya tabaka la kwanza na la pili. Saa mbili nzima. Kona ya upande wa Stuben ilichanika, nimeiziba kwa karatasi ya gazeti na gundi. Nikachonga mfereji, nikalaza mirija miwili ya juisi na kipande cha tatu, nikabandika upya. Kwa skeli hii mrija wa juisi ungepitisha meli, najua, msiniandikie.

Jasi niliyojaribisha kama theluji kileleni imepasuka, nitairudia ikiwa nyepesi.

Jana jioni mwanangu aliinama upande wa Langen, akapuliza kwa nguvu. Vumbi la boksi likatokea St. Anton.