Nilivyobadili pikapu bila kulichimba gitaa

Mnunuzi alikuja na bisibisi yake mfukoni. Tulikuwa sebuleni kwangu Magomeni, chai haijapoa, akaomba ruhusa afungue ile plastiki ya mbele ya gitaa. Alipoinyanyua, akachungulia chini ya pikapu ya nyuma, yaani kile kifaa cha sumaku na koili ya waya kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, kisha akaniangalia.

"Kaka, hapa mlichimba?"

Tulichimba. Seremala wa mtaani ndiye aliyepitisha patasi, mimi nikimshikia tochi, ili hambaka, pikapu pana ya koili mbili, iingie kwenye tundu la pikapu nyembamba. Sauti ilinoga, sikatai. Lakini laki tisa tuliyokubaliana kwenye simu ikawa laki tano palepale, na sikuwa na la kujitetea. Mbao ikishatoka hairudi.

Kwa hiyo nilipopata Stratocaster (aina ya gitaa la umeme) nyeusi ya Japani, ya miaka ya 1980, kwa mzee mmoja aliyestaafu kupiga solo, niliapa kwamba patasi haitaigusa. Tatizo, pikapu zake tatu zote ni za koili mojamoja. Kwenye ukumbi tuliokuwa tunapiga wikendi, umeme haukuwa na ethi (waya wa kwenda ardhini) ya maana na juu ya jukwaa kulikuwa na taa za tyubu, basi gitaa likivuma utadhani nyuki kwenye debe. Ukigeukia pembeni mvumo unapungua, lakini utapigaje solo nzima umewapa mgongo wacheza dansi?

Nilianza na foili ya jikoni, nikaibandika chini ya plastiki. Vikelele vyembamba vilipungua, mvumo ukabaki. Hambaka huumaliza kwa sababu ina koili mbili zilizounganishwa kinyume, mvumo wa moja ukaufuta wa nyingine. Baadaye nikajua kuna pikapu ambazo koili zake mbili zimepandana, moja juu ya nyingine, na umbo ni lilelile jembamba. Binamu yangu aliyeko Marekani aliniletea tatu alipokuja Desemba.

Uzuri wa Stratocaster uko hapa: pikapu, swichi na vitufe vyote vimefungwa kwenye ile plastiki moja, inayoshikwa na skrubu 11. Sikuigusa ya asili. Nilinunua nyingine tupu, fundi redio akaunga kila kitu humo, halafu kwenye gitaa tukafungua waya sehemu tatu tu: mbili kwenye tundu la jeki, pale unapochomeka waya wa amplifaya, moja kwenye springi za nyuma. Plastiki ya zamani ikatoka na vyote vyake, na risasi ya kulehemu ya kiwandani juu ya swichi bado inang'aa. Nikaiviringisha kwenye fulana. Skrubu zake zikaenda kwenye kopo la Blue Band, maana skrubu yenye kutu nayo ni cheti cha kuzaliwa.

Fundi alitaka pia alipige rangi, liwe kama jipya. Nikakataa. Mikwaruzo ya mkanda wa yule mzee mgongoni mwa gitaa haikunisumbua, ila rangi mpya ingemkimbiza mnunuzi hata ikiwa nzuri. Mpiga drums wetu akanibishia kwa habari ya David Gilmour wa Pink Floyd: Stratocaster yake nyeusi ilitobolewa, ikazibwa, ikabadilishwa shingo mara kadhaa, na mwaka 2019 ikauzwa mnadani New York kwa dola 3,975,000. Nikamwambia siku nikiwa Gilmour nitaleta msumeno mwenyewe.

Baada ya miaka mitatu nililiuza kwa kijana wa Nairobi. Usiku wa kuamkia siku ya kuja kwake nilirudisha plastiki ya zamani, kazi ya saa moja. Naye alikuja na bisibisi. Nilimwambia wazi kwamba pikapu hizi zinavuma, nikamwonyesha zile nyingine na bei yake. Akasema hapana, yeye anataka la asili tupu. Akalipa bila kupunguza hata shilingi.

Wiki iliyofuata akapiga simu kutoka kwenye baa. "Bro, zile pikapu bado unazo?"

Zilikuwa zimeshaingia kwenye gitaa jingine.