Marekani ya Bibi

Bibi yangu alikuwa na kasha la mvule chini ya kitanda. Ndani yake, chini ya kanga mpya ambazo hakuwahi kuzivaa, kilikaa kipande cha marekani kilichokunjwa vizuri. Ilikuwa sanda yake. Aliinunua mwenyewe Bagamoyo kwa pesa za nazi, ili siku yake ikifika asimsumbue mtu. Sisi wajukuu tukipekua kasha, alikuwa na neno moja tu: "Hiyo marekani iacheni." Basi mimi marekani niliijua kitambaa miaka mingi kabla sijaijua nchi.

Huu ni mwaka wangu wa tisa katika nchi hiyo. Naishi Lowell, jimbo la Massachusetts, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mji una mifereji kila upande, na kandokando ya maji yamejipanga majengo marefu ya matofali mekundu, madirisha hayana idadi. Nilipita chini yake miaka mingi bila kuuliza. Aliyenieleza ni mzee mmoja ninayemwogesha asubuhi, ambaye mama yake alifanya kazi humo ujanani. Akaniambia vile vilikuwa viwanda vya nguo za pamba, na kwamba kimoja, Boott, kilichoanza mwaka 1835, sasa ni makumbusho.

Nilikwenda Jumamosi moja. Kuna chumba kikubwa cha mashine za kufumia ambazo bado zinafanya kazi, na wanakupa vizibo vya masikio kabla hujaingia. Sakafu inatetemeka mpaka unaisikia kwenye meno. Wasichana waliotoka mashambani walisimama mbele ya mashine kama zile saa kumi na mbili na zaidi kila siku. Mwaka 1834 waligoma, na 1836 wakagoma tena. Niliporudi nyumbani masikio bado yanavuma, nikaanza kusoma, na sijaacha hadi leo.

Marekani ya Bibi ilianzia huku. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, kule Muscat, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, mji wa bandari wa hukuhuku Massachusetts, akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Wenye meli wa Salem walileta majora ya nguo nyeupe ya pamba isiyopaushwa, wakarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Pembe nyingi ziliishia Connecticut kuwa vibao vya piano. Nguo ikavuka bahari hadi mrima, ikapimwa kwa mikono, mikono minane doti moja, ikafungwa mizigo na kupanda bara vichwani na mabegani mwa wapagazi. Ilikuwa fedha. Ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa machifu, ilinunua chakula njiani, ilinunua pembe. Na ilinunua watu.

Pamba yenyewe ilitoka Kusini mwa Marekani, na mwaka 1860 watumwa wa huko walikuwa karibu milioni 4. Wao walichuma, Lowell na Salem zikafuma. Kisha nguo duni kuliko zote ilirudi Kusini kuwavisha walewale waliochuma. Wakaiita "lowell." Wazee waliozaliwa utumwani walipohojiwa miaka ya 1930, wengine walikuwa bado wanalitaja jina hilo: suruali ya lowell, shati la lowell. Niliposoma hapo nilisimama, nikaenda dirishani. Huku mtumwa alivaa nguo akaiita kwa jina la mji huu ninaokaa. Kwetu pwani mtumwa alivaa nguo akaiita kwa jina la nchi hii. Hawakupata kusikiana, na nguo yao ilikuwa ndugu.

Huku ukiwauliza watu historia yao iligeuka wapi, watakutajia 1776, mwaka wa uhuru wao, au mapigano ya Gettysburg. Mimi ninautaja mwaka 1861, na tena si siku ya mizinga ya Fort Sumter, tarehe 12 Aprili, iliyoanzisha vita kati ya serikali ya Marekani na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Wiki moja baadaye, tarehe 19, Rais Lincoln alitangaza kuzifunga bandari za Kusini kwa manowari. Siku hiyohiyo wanajeshi wa Massachusetts waliokuwa wakipita Baltimore walishambuliwa na umati, na vijana wawili wa Lowell wakafa. Mmoja, Luther Ladd, alikuwa na miaka 17. Mnara wao uko mbele ya jengo la halmashauri ya mji. Mimi hupita hapo nikienda kupanda basi, na mara nyingi husimama kidogo. Wenye viwanda wa hapa waliamua kuuza pamba waliyokuwa nayo ghalani na kufunga mashine, maelfu ya wafanyakazi wakabaki bila kazi. Kwetu marekani ikaadimika, bei ikapanda, na nguo za Uingereza na za India zikapata mlango ambao baadaye haukufungwa tena.

Lakini mgeuko ninaouona mimi ni wa usiku mmoja wa Mei mwaka huohuo, kule Virginia. Watumwa watatu, Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory, waliokuwa wakilazimishwa kujenga ngome ya jeshi la Kusini, walichukua mashua wakavuka maji hadi Fort Monroe, mikononi mwa jeshi la Lincoln. Jenerali aliyekuwa pale, Benjamin Butler, alikuwa wakili wa Lowell. Mjumbe wa mwenye watumwa akaja kuwadai kwa sheria ya kurudisha watoro. Butler akakataa: Virginia mmejitoa wenyewe katika nchi, sheria yetu mnaidai vipi? Akawashika kama mali ya adui inayotumika vitani. Neno hilo linaniuma, maana linawahesabu watu pamoja na magunia. Lakini hawakurudishwa. Habari ikaenea vibandani, na baada yao wakaja kwa maelfu, wazee na watoto, wakibeba vyungu na blanketi. Wakati huo Lincoln alikuwa bado anasema vita ni ya kulinda muungano tu. Waliovuka maji ndio waliofanya lisiwezekane kubaki hivyo. Tangazo la kuwaacha huru likaja tarehe 1 Januari 1863, na katiba ikabadilishwa kuukataza utumwa Desemba 1865.

Kwetu ilichukua muda zaidi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Bara, upande wetu wa Bagamoyo, sheria ya kuukomesha utumwa ilikuja 1922, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka.

Bibi alipoulizwa mama yake alikuwa mtu wa wapi, alijibu, "Alitoka bara," kisha akainuka kwenda kutazama moto. Nilidhani hajui. Sasa nina miaka arobaini na mitatu na sidhani hivyo tena.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama. Baada ya salamu nikamuuliza, mama, sanda ya Bibi ilikuwa ileile ya kasha? Mimi sikuwahi mazishi, nilikuwa huku. Akanyamaza kidogo.

"Ileile," akasema. "Mama yako mdogo ndiye aliyeipima. Mkasi hatukutia. Alianzisha kwa meno, kisha akaichana kwa mkono, ikalia chumba kizima."